Uzito wa Karani

Tundu lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na ndani hamkuwa na kitu.

Inspekta alilizunguka mara mbili. Lilikuwa tundu la duara, limepakwa rangi ya dhahabu kuanzia kwenye kuba la juu hadi miguuni. Alivuta lile kufuli dogo. Halikucheza. Chombo cha chakula kilikuwa mahali pake, na cha maji kilibaki nusu.

Kituoni wenzake walimwita Sindano, kwa kuwa hakuwa mwanamke wa kupiga meza wala kupaza sauti. Alichoma kidogo, akachomoa, kisha akangoja. Watu wengi walikiri kwa sababu tu walichoka kumngoja.

"Mara ya mwisho ulikuwa naye saa ngapi, mzee?"

"Saa saba kasorobo mchana, kabla sijajilaza," alijibu mwenye kasuku. "Nilipoamka saa nane nikamwita. Kimya. Nikafungua kufuli, nikaingiza mkono tunduni. Hamna mtu."

Alisema "mtu" na hakujisahihisha. Alikuwa na miaka sabini na moja, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, ingawa tangu afanyiwe upasuaji wa macho mwezi uliopita aliona vivuli tu. Kwa miaka thelathini na nne alikuwa msimamizi wa posta, na mtaa mzima ulimwita Mzee wa Posta. Kasuku wake alikulia nyuma ya kaunta ya posta hiyo hiyo. Alivaa kijivu mwili mzima, mkia mwekundu, na akatembea huku na huko na mbawa zake mgongoni, ndiyo maana akaitwa Karani. Maneno yake yote yalikuwa ya kazini: "Saini hapa." "Panga foleni." "Njoo kesho."

"Nani mwingine alikuwemo ndani?"

"Mimi peke yangu. Mwanangu yuko kazini. Mkwe wangu alitoka kununua mboga."

"Ufunguo wa kufuli?"

"Uko jikoni, msumarini. Nilifungua nao, nikafunga tena, nikaurudisha. Kila mtu wa nyumba hii anaujua."

"Mlango wa nyuma?"

"Mchana tunaurudishia tu."

Koplo, mtu mnene mwenye subira, alikuwa amepiga magoti akipaka unga mweusi kwenye mlango wa tundu ili kutafuta alama za vidole. Mzee wa Posta aligeuza uso upande wa Sindano.

"Najua kituoni watacheka kwamba nimeita polisi kwa ajili ya ndege. Wacheke. Mimi nataka kujua jambo moja. Awe hai, awe amekufa, nataka niambiwe."

"Utaambiwa," alisema Sindano, na akayaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa.

Mzee aliomba aongozwe tunduni. Koplo alileta ufunguo akafungua kufuli. Mzee aliingiza mkono, akapapasa vijiti viwili vya plastiki, kisha mkono ukasimama.

"Kijiti chake hakipo. Cha mpera. Alitoka nacho kwenye tundu la zamani, amekitafuna mpaka kimefanya kiuno. Na shuka jeusi la kumfunikia akilala, liko wapi?"

Shuka nalo halikuwepo. Sindano alisimama akitafakari. Mwizi alimchukua kasuku, kijiti cha kasuku na shuka la kasuku, halafu akafunga kufuli na kurudisha ufunguo msumarini. Katika miaka ishirini na miwili ya kazi hakuwahi kukutana na mwizi anayemfungia aliyeibwa mizigo ya safari.

Aliinama karibu zaidi. Kwenye kimo cha mdomo wa ndege, rangi ya dhahabu ilikuwa imebanduliwa. Chini yake palikuwa na chuma cha kijivu, na juu ya chuma hicho vumbi jeupe.

"Huo si unga wako?" alimuuliza Koplo.

"Wangu ni mweusi, afande."

Sindano alikwangua vumbi lile kwa kisu kidogo, akalitia kwenye bahasha ya vielelezo na kuandika tarehe.

Hapo mkwe akaingia na kikapu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitano hivi, mtulivu. Alipoambiwa kilichotokea aliweka kikapu chini, akamshika mzee bega, akasema, "Pole, baba."

"Nani huwa anamtunza Karani?" Sindano aliuliza.

"Yeye," alijibu mzee kabla mkwe hajafungua mdomo. "Miaka kumi na moja, tangu siku aliyoolewa. Asubuhi anampima, anaosha vyombo, anabadilisha gazeti la chini. Tufaha analitoa mbegu moja moja, kwa sababu mbegu zake ni mbaya kwao. Parachichi halisogei karibu yake. Alihamisha tundu kutoka jikoni kwa sababu moshi wa kikaango unaweza kumuua ndege kabla wewe hujakohoa. Jioni anamtoa kwa saa nzima, anyooshe mbawa. Mimi nilimfuga tu. Huyu alimtunza."

Mkwe aliangalia sakafu.

"Ulitoka saa ngapi, dada?"

"Saa saba."

"Sasa ni saa tisa kasoro. Mboga ziko mbali?"

"Palikuwa na foleni."

Sindano aliandika. Alipokuwa garini alimgeukia Koplo.

"Umesikia alichouliza?"

"Nani?"

"Mkwe."

Koplo alifikiri. "Hakuuliza kitu."

"Mtu anayetoa mbegu za tufaha moja moja. Ndege yuko mikononi mwa asiyejulikana, na hajauliza kama huyo mwizi atajua kumlisha."

*

Katika nyumba ya jirani aliishi nesi wa zamu za usiku, ambaye mara mbili alikuwa amelalamika kuhusu kelele. Alifungua mlango uso umejaa usingizi.

"Ulimchukia?" Sindano aliuliza.

"Nani?"

"Kasuku."

"Afande, mimi narudi saa mbili asubuhi nataka kulala. Saa tatu yeye ananiambia nipange foleni, niko kitandani kwangu." Alipiga mwayo. "Lakini wiki hizi tatu nimelala vizuri mno. Mpaka nikaingiwa na wasiwasi."

"Wasiwasi wa nini?"

"Mgonjwa mpiga kelele akinyamaza ghafla, mimi humwendea haraka. Nikaenda. Nikamkuta amevimbisha manyoya, amepoa, anakunywa maji bila kukoma. Nikamwambia mkwe wa mzee, huyu ndege anaumwa."

"Akasemaje?"

"Akanishika mkono. Akasema, nakuomba usimwambie baba."

*

Mume wa mkwe, mtoto pekee wa Mzee wa Posta, alikuwa msimamizi kwenye duka la kampuni ya simu. Aliwapeleka polisi kwenye chumba cha nyuma na kuwapa viti.

"Lile tundu umelinunua wewe?"

"Mimi." Uso wake uling'aa. "Mmeliona lilivyo?"

"Tumeliona. Kwa nini ulilinunua?"

"Baba alinitafutia kazi posta. Nilikaa siku mbili, nikaja hapa. Wewe fikiria mtu wa posta, mwanawe anakwenda kuuza simu."

"Alikasirika?"

"Angekasirika ingekuwa nafuu. Alinyamaza. Miaka sita. Nyumba moja, meza moja. Akitaka chumvi anamwambia mke wangu, mwambie mumeo asogeze chumvi. Na mimi nimekaa hapa, chumvi iko hapa."

Koplo alitaka kucheka, akaona uso wa mwenzake, akaghairi.

"Siku aliyotoka hospitali, macho bado yamefungwa bandeji, nilimletea Karani lile tundu. La zamani lilikuwa limechoka. Baba alilipapasa lote, juu mpaka chini. Akasema, 'Ahsante, mwanangu.'" Kijana aligeuka, akaanza kupanga simu zilizokuwa tayari zimepangwa. "Miaka sita, afande. Tangu hapo tunaongea. Juzi alinisimulia habari za mama."

"Kuna mtu aliyelisema vibaya tundu hilo?"

"Fundi wa matundu tu, yule aliyetengeneza la zamani. Alikuja, akaligonga kwa ukucha, akaguna. Wivu wa kazi."

*

Jumatano mchana mkemia wa maabara ya polisi alipiga simu.

"Ni zinki. Nyaya za chuma zimepakwa zinki, juu yake wakapaka rangi. Binadamu akishika, hana shida. Ndege anayetafuna nyaya kutwa nzima anakula sumu polepole. Atakonda, atakunywa maji mengi, mwisho atakufa."

Koplo aliruka kitini. "Basi kijana alitaka kumuua kasuku wa baba yake!"

"Kijana alichagua kwa macho," alisema Sindano. "Liling'aa, akapenda. Mwizi wetu ni mtu aliyeijua sumu hii kabla yetu, na hakuwa na mahali pa kuisemea."

*

Alhamisi asubuhi Sindano alirudi peke yake. Mzee wa Posta alikuwa sebuleni, amekaa karibu na tundu tupu. Mkwe alikuwa jikoni akipima unga kwa kikombe.

"Endelea tu, dada. Nitasimama hapa."

Jikoni mle kila kitu kilikuwa na mahali pake. Kwenye rafu, katikati ya makopo, palikuwa na nafasi ya mraba isiyo na chombo.

"Hapo hukaa nini?"

"Mizani."

"Iko wapi?"

"Nimeiazimisha."

Kando ya jokofu ilining'inia kalenda. Kila siku ya mwezi ilikuwa na tarakimu tatu za penseli, ndogo na safi. Sindano alivaa miwani. Mwezi uliopita uzito wa kasuku, kwa gramu, ulikuwa umetulia: 468, 467, 469. Halafu siku moja ilizungushiwa duara, siku tundu jipya lilipoingia nyumbani. Baada ya duara, ngazi ilielekea chini: 461, 452, 444, 437. Jumatatu ya wiki hii, 426. Jumanne, 424.

Jumatano, 427. Alhamisi, 431.

Alizisoma mara ya pili ili asije akamdhulumu mtu.

"Karani aliibwa Jumanne mchana."

"Ndiyo."

"Leo Alhamisi."

"Ndiyo."

"Sasa, dada, leo asubuhi umempima nani?"

Mkwe aliangalia kalenda. Mkono wenye unga ulipanda hadi mdomoni na kubaki hapo.

"Mkono umezoea," alisema hatimaye. "Miaka kumi na moja. Nikishampima naandika. Hata sikumbuki kuandika."

"Yuko wapi?"

"Kwa fundi wa matundu. Daktari wa mifugo anamchoma sindano asubuhi na jioni." Sauti yake ilishuka ili isifike sebuleni. "Nilianza kuona uzito ukishuka, nikadhani ni ugeni wa tundu. Fundi akaniambia ni nyaya. Jumanne Karani alishindwa kushika kijiti, akaanguka. Nikasema, basi."

"Kwa nini hukumwambia mumeo?"

"Wewe hujakaa kati ya watu wawili wasiosemeshana. Mimi nimesogeza chumvi miaka sita. Halafu tundu likaja, wakasemeshana. Ningesimama vipi niseme kwamba hiyo zawadi ndiyo inayomuua Karani? Mume wangu asingemtazama baba yake usoni tena." Alijifuta macho kwa kiganja, unga ukabaki shavuni. "Fundi angebadilisha nyaya kimyakimya, apake rangi ile ile. Karani angepona, angerudi, tungesema aliruka akapatikana. Sikujua baba ataita polisi. Nilidhani atalia tu."

Sindano alitoa kalamu mfukoni.

"Andika nimeiba," mkwe aliomba. "Nitatia sahihi. Ila sababu usiandike hiyo. Andika nilichoka kusafisha kinyesi cha ndege."

Sindano alikuwa amekaa na wezi wa kila aina. Wote walimlilia awapunguzie. Huyu alikuwa wa kwanza kumlilia amwongezee, na Sindano, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alimtazama mwanamke yule kwa heshima aliyowapa watu wachache sana maishani mwake.

"Siandiki uongo, dada," alisema. "Lakini bado sijaanza kuandika. Vaa viatu."

*

Karakana ya fundi ilikuwa imejaa matundu mpaka darini. Fundi mwenyewe alikuwa mwembamba, penseli sikioni, vidole vimejaa makovu ya nyaya. Alipomwona inspekta hakutetereka.

"Mimi sijapokea mali ya wizi. Nimepokea mgonjwa."

Karani alikuwa kwenye tundu pana la pembe nne, la chuma kisichoshika kutu. Alikuwa amesimama kwenye kijiti chake cha mpera, manyoya yamelala vizuri, jicho moja likiwachunguza wageni. Kando yake palikuwa na mizani ya jikoni.

"Kwa nini pembe nne?" Sindano aliuliza, maana lile alilotaka kujua alilijua tayari, na mtu anayeipenda kazi yake alimfurahisha kumsikiliza.

"Ndege akiogopa hutafuta kona ya kuegemea. Duara halina kona, atazunguka na hofu yake. Nyaya za pembeni zilale, apate kupanda. Nafasi kati yake isipitishe kichwa. Vijiti viwe vya mti, kimoja chembamba, kingine kinene, miguu isiote vidonda." Aligusa mlango wa tundu, ukafunguka bila sauti. "Na kabla ya yote hayo, unampima mbawa. Watu wanachagua tundu kwa kutazama sebule yao. Mimi naanza na mbawa."

Gari lilisimama nje. Koplo, ambaye Sindano alimtuma awalete, alimshika mkono Mzee wa Posta akamwingiza ndani, na mwanawe akafuata nyuma, bado na kitambulisho cha kazi shingoni.

"Mzee," alisema Sindano, "Karani yuko hai. Aliyemchukua amekiri."

"Ni mimi, baba," mkwe alisema haraka. "Nilichoka naye. Kusafisha kila siku, nilichoka. Nisamehe."

Mumewe alimkodolea macho. "Wewe? Umechoka na Karani?"

Mzee wa Posta alinyoosha mkono mbele. Fundi alimtoa kasuku, akamweka kwenye kiganja chake. Mzee alitulia, kichwa kimeinama upande, mkono ukipanda na kushuka kidogo sana.

"Mia nne thelathini," alisema. "Na moja, au mbili."

Koplo alimhamishia Karani kwenye mizani, akasoma, akasoma tena. "Mia nne thelathini na moja." Alimtazama yule mzee kwa mdomo wazi.

"Miaka thelathini na nne nimepima vifurushi kwa mkono huu kabla ya kuviweka kwenye mizani," alisema mzee. "Na kila asubuhi Karani hupanda mkononi mwangu kunisalimia. Mkwe wangu, ulidhani sikujua kwamba anapungua?"

Mkwe aliinua kichwa.

"Nilijua tangu wiki ya kwanza. Tundu limekuja, ndege anapungua. Lakini nikisema tundu ni baya, nitakuwa nimemfukuza mwanangu kwa mara ya pili. Nikanyamaza. Nimekula na Karani miaka ishirini na sita, nikamwacha afe taratibu ili kijana aendelee kuniambia habari za kazini kwake." Aligeuza uso upande wa mwanawe. "Jumanne alipopotea nilijua amekufa na mmenificha. Nyumbani kwetu hakuna anayemwambia mwenzake neno usoni. Mwalimu wa tabia hiyo ni mimi. Ndiyo nikaita polisi. Nilisema, hao angalau wataniambia."

Kijana alimgeukia mkewe. Aliona unga uliobaki shavuni mwake, na kidogo kidogo akaelewa alichokuwa ameelewa kila mtu isipokuwa yeye.

"Ni lile tundu," alisema. "Nyaya. Fundi aliguna, nikamwita mwenye wivu." Alikaa kwenye benchi la kazi. "Baba, ungeniambia."

"Ungeondoka."

"Ningelitupa, nikaleta lingine. Basi."

Kati yao ilikuwa miaka sita mizima, na jibu lilikuwa fupi hivyo.

"Lile tulitupe leo," alisema kijana.

"Hapana. Litakaa pale pale sebuleni, tupu. Lilitusemesha."

Sindano alitoa jalada, akaandika kwa muda mfupi, kisha akasoma kwa sauti: "Hakuna wizi. Mgonjwa alipelekwa kutibiwa na mtu wa nyumbani. Mlalamikaji ameondoa malalamiko yake." Aliuongoza mkono wa mzee hadi chini ya ukurasa. "Mzee, naomba..."

"Saini hapa," alisema Karani kutoka kwenye mizani. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa wiki tatu.

Fundi alicheka mpaka penseli ikaanguka sikioni. Mzee wa Posta alitia sahihi, kubwa na iliyopinda, machozi yakimshuka bila kuyaficha.

Kijana alisimama. "Fundi, nifundishe. Safari hii nataka kuchagua vizuri."

Fundi alimpa futi ya kupimia. Mzee alimchukua Karani, akamfungua mbawa taratibu kwa vidole viwili kila upande, na Karani akakubali, maana mikono ile aliijua. Kijana alishika futi kutoka ncha hadi ncha.

"Ngapi?" mzee aliuliza.

"Sentimita arobaini na tisa, baba."

"Soma tena."

"Arobaini na tisa."

"Basi upana usipungue mara mbili ya hapo. Shika vizuri, mwanangu, usimbane."

"Sijambana, baba. Sogea huku kidogo."

Mkwe alisimama pembeni, mikono imelegea, hajui aiweke wapi. Alikuwa akingoja, kwa mazoea, aambiwe amwambie mmoja wao jambo. Hakuna aliyemwambia.